Hofu ya Mtumwa na Uchaji wa Mwana

Mkatekumeni anayefuata mafundisho kwa bidii hukutana mapema na fundo. Jumapili moja husikia Injili, na ndani yake Bwana Yezu anawaambia wafuasi wake wasiogope. Juma linalofuata mwalimu humfundisha mapaji saba ya Roho Mtakatifu, na la saba ni uchaji wa Mungu. Mtu mzima, aliyekwisha kulea watoto na kuzika wazazi wake, huuliza kwa haki: Mungu huyu aogopwe au asiogopwe? Na kama haogopwi, watu watamtii kwa sababu gani?

Swali hilo lisipite bila jibu. Wako waliobatizwa zamani ambao hawajalijibu mioyoni mwao, na jambo hilo huonekana siku ya taabu.

Watu wengi wamekulia katika utii wa namna moja. Mzimu hutiiwa kwa sababu asiyetii atapatwa na jambo: mtoto ataugua, mbuzi atatupa mimba, mvua itapita pembeni ya shamba. Basi mtu huleta kuku, huleta unga na pombe, kisha hurudi nyumbani akijua kwamba amelipa. Si haki kusema kwamba wazee hawakujua kitu ila hofu. Waliwafundisha watoto kuheshimu wazazi. Walimpa mgeni maji kabla ya kumwuliza habari. Na Mungu Muumba walimjua, wakamwita Leza kwa Watabwa, Vidye kwa Waluba wa Katanga, Nyamuzinda kwa Washi. Lakini mara nyingi Muumba huyo alihesabiwa kuwa yuko mbali, na mambo ya kila siku, yaani homa, uzazi na shamba, yaliachwa mikononi mwa wale wanaoogopwa.

Hatari ya mkatekumeni ni kubadili jina la anayeogopwa, na kuacha mengine yote kama yalivyokuwa. Mtu huyo huja Misa ili shamba lake lisiharibike. Hufunga wakati wa Kwarezima ili mtoto wake asikohoe. Akipatwa na msiba, jambo la kwanza ni kuhesabu: nimekosa sala gani, nimepunguza sadaka wapi, hata nikapigwa hivi? Kwa macho ya majirani ni mwongofu. Kwa kweli hajaondoka mahali pake; amemwondoa mzimu katika kiti chake na kumwambia Mungu aketi hapo. Utii wake ni kodi. Na kila mtu anajua jinsi watu wanavyolipa kodi: hakuna anayempenda mtoza kodi, na kila mmoja hutafuta njia ya kulipa kidogo.

Mtakatifu Augustino alikuwa askofu wa Hippo, katika Afrika ya kaskazini, akafa mwaka 430. Alipowaeleza Wakristu wake waraka wa kwanza wa Mtume Yohane, alitoa mfano ambao kila mtu wa kijiji anaweza kuushika. Wanawake wawili wameolewa, na wote wawili wanaogopa kwa ajili ya waume zao. Wa kwanza ana mtu mwingine. Anaogopa mume wake asije akarudi. Wa pili anampenda mume wake. Anaogopa asije akaondoka. Ukiwauliza wote wawili kama wana hofu, watajibu kwamba wanayo. Neno ni moja, lakini mmoja akisikia hatua za miguu nje hutetemeka, na mwenziwe akisikia hatua zile zile hukimbilia mlango.

Hapo fundo linaanza kufunguka. Hofu ambayo Bwana Yezu anaiondoa ni ile ya mwanamke wa kwanza. Uchaji ambao Roho Mtakatifu anautia moyoni ni ule wa pili: mwana anaogopa kumhuzunisha baba yake, anaogopa kutengwa naye, na kwa sababu hiyo hasa hamkimbii. Katika kitabu cha Mwanzo, Adamu alipokwisha kukosa alijificha katikati ya miti. Ndivyo alivyo mtumwa, hujificha. Mwana mpotevu katika Injili alikosa zaidi ya kukosa, lakini alishika njia ya nyumbani, ingawa hakutumaini zaidi ya kupokewa kama mfanyakazi wa mshahara. Baba ndiye aliyekataa kumpokea hivyo.

Je, hofu ya jehanamu haina faida? Eklezia haikusema hivyo. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulifundisha kwamba majuto yanayotoka katika hofu ya adhabu, kama mtu anaichukia dhambi kweli na kutumaini huruma ya Mungu, ni mapaji ya Mungu, nayo humwandaa mtu kupokea neema katika sakramenti ya kitubio. Ni majuto yasiyo kamili, lakini si uongo. Augustino huyo huyo aliifananisha hofu na sindano: sindano huingia kwanza, tena huuma, lakini huingia ili ivute uzi. Nguo ikikwisha kushonwa, uzi ndio unaobaki. Mtu anayebaki miaka yote na sindano tu, nguo yake haijaungana, imetobolewa bure.

Haya yote ni rahisi kuyasema darasani. Ugumu wake huja usiku.

Na awekwe mbele ya macho baba mmoja, mkatekumeni wa mwaka wa pili. Mtoto wake ana homa. Mwili umekuwa moto kama jiwe la jikoni. Kituo cha afya kiko mbali, saa tatu kwa miguu. Bibi wa mtoto ameketi karibu na moto. Bibi huyo si mtu mbaya, anampenda mjukuu wake kuliko roho yake mwenyewe. Anasema: "Baba, acha nimfunge uzi huu kiunoni, ule niliokufunga wewe ulipokuwa mdogo. Mungu hatakasirika kwa ajili ya mtoto." Baba anawaza: nikikataa na mtoto akafa, watasema nimemwua. Nikikubali, Mungu ataniadhibu, na mtoto atakufa vilevile. Tazama jinsi alivyoshikwa. Huku hofu, huku hofu. Na Mungu mwenyewe katika mawazo yake amekuwa mmoja wa wanaomtisha.

Jambo la kwanza la kumwambia baba huyo si la katekisimu hata kidogo: ambebe mtoto aende. Malaria humwua mtoto mdogo kwa siku chache tu, na usiku uliopotea kwa mpiga ramli haurudi. Kumtumaini Mungu si kukaa na kungoja. Mikono ya mwuguzi nayo ni ya Mungu. Wala asifikiri kwamba kila dawa ya miti ni dhambi. Majani ya kuchemsha kwa tumbo, mizizi inayojulikana kwa kikohozi, hayo ni matunda ya akili ya wazee, na Mungu ndiye aliyeumba miti. Kinini yenyewe, iliyoponya watu wengi sana, hutoka katika ganda la mti, na mti huo hulimwa huko Kivu. Uzi wa kiunoni ni jambo lingine. Hauingii katika mwili wa mtoto kupigana na ugonjwa. Unafungwa ili kumridhisha yule anayeogopwa, na kumwambia: sisi bado ni watu wako.

Jambo la pili ni gumu zaidi, na wafundishaji wengine hulikwepa. Baba huyo aweza kuukataa uzi, aweza kumbeba mtoto usiku ule ule, aweza kusali njia nzima, na mtoto akafa. Anayewaahidi wakatekumeni kinyume cha hayo anawadanganya, na siku ya kaburi uongo wake utajulikana. Wakristu huugua. Watoto wao hufa kama watoto wa wengine. Bwana Yezu hakusema kwamba waliobatizwa hawatapigwa na tufani. Wafuasi walipigwa nayo katika mtumbwi ule ule aliokuwamo yeye, naye amelala. Wavuvi wa ziwa Tanganyika, wanaojua upepo wa usiku, wanaelewa habari hiyo kuliko wasomi. Na Injili ya Marko inaongeza neno la ajabu: maji yalipotulia, ndipo wafuasi waliposhikwa na hofu kubwa. Mwanzo waliogopa mawimbi. Sasa mawimbi hayapo, nao wanatetemeka mbele ya yule aliye pamoja nao mtumbwini, wala hakuna hata mmoja aliyetaka kushuka.

Basi kama imani haizuii msiba, ina kazi gani? Jibu linaonekana katika maisha ya kijana mmoja wa nchi hii hii, Mwenye heri Isidore Bakanja.

Isidore alizaliwa katika nchi ya Equateur, akaenda Mbandaka, ambayo wakati ule iliitwa Coquilhatville, akawa msaidizi wa mafundi wa kujenga nyumba. Huko alijifunza dini kwa mapadri Watrapisti, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906, akavishwa skapulari ya Bikira Maria. Ni vipande viwili vidogo vya kitambaa vilivyoungwa kwa kamba, mtu huvaa shingoni. Baadaye alipata kazi ya boi katika shamba la kampuni moja, huko Ikili. Mzungu aliyesimamia shamba hilo alichukia dini. Alimkataza Isidore kuwafundisha wenzake sala, akamwamuru avue kile kitu cha shingoni. Isidore hakuvua. Mwezi wa Februari 1909 akapigwa kwa kiboko cha ngozi ya tembo chenye misumari, mpaka mgongo wake ukawa kidonda kimoja. Kidonda kikaoza. Aliishi na maumivu hayo miezi sita, akafa tarehe 15 Agosti 1909, siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Kabla ya kufa aliwaambia mapadri kwamba amemsamehe aliyempiga, na kwamba atamwombea akifika mbinguni. Tarehe 24 Aprili 1994 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri.

Mtu anayefikiri kwa mawazo ya hirizi atasema: skapulari ile haikuwa na nguvu. Haikumkinga na kiboko. Kama ingekuwa hirizi, angekuwa na haki ya kuitupa kwa pigo la kwanza, maana hirizi isiyokinga hutupwa, na mwenyewe hutafuta iliyo kali zaidi. Isidore hakuitupa, kwa sababu hakuivaa ili imkinge. Aliivaa kwa kuwa alikuwa mtu wa Yezu na wa Maria, kama mwana anavyochukua jina la ukoo wake. Jina la ukoo halizuii mvua, wala njaa, wala kiboko. Lakini mtu akiambiwa alikane jina la baba yake ili asipigwe, anajua anachoulizwa.

Ni lazima kusema pia kwamba wako Wakristu, tena wa miaka mingi, wanaovaa rozari na medali kwa mawazo yale yale ya hirizi. Hutundika rozari mlangoni ili mchawi asipite, wala hawaisali. Hao wamebadili duka tu, bidhaa ni ile ile.

Hapa mkatekumeni mwenye moyo dhaifu huona haya. Anasema: "Mimi si kama Isidore. Nikisikia bundi usiku, mwili wangu wote unasisimka. Labda sina imani." Asikate tamaa. Kusisimka kwa mwili si dhambi, wala hakuna paji la Roho Mtakatifu linalomfanya mtu kuwa jiwe. Bwana Yezu mwenyewe, katika shamba la Getsemani, alishikwa na hofu na huzuni hata jasho lake likawa kama matone ya damu. Akamwomba Baba amwondolee kikombe kile. Hakuficha kwamba anaogopa. Alimweleza Baba hofu yake, kisha akatii. Hilo ndilo linalotakiwa. Hofu ikiingia nyumbani, mtu hana kosa. Mgeni huyo haombi ruhusa. Kosa ni kumpa ufunguo na kungoja amri zake.

Na amri za hofu ni mbaya kuliko watu wanavyofikiri. Mtu aliyetawaliwa na hofu huwa mkali. Kijijini anapokufa mtu, wenye hofu huanza kutazamana, na macho yao hutulia juu ya mwanamke mzee mjane asiye na watoto wa kumtetea, au juu ya mtoto yatima anayelia usiku au kukojoa kitandani. Hapo hutajwa neno "mchawi", na watu waliokula pamoja jana huokota mawe. Katiba ya nchi, ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria humwadhibu afanyaye hivyo. Ni vema. Lakini mkatekumeni ana sababu iliyo juu ya sheria ya serikali: amefundishwa kwamba wote hawa wana Baba mmoja. Hawezi kumwita Mungu Baba asubuhi, na jioni kumfukuza mtoto wa Baba huyo huyo porini. Katika jambo hili utii kwa Mungu unamtaka asimame mlangoni kwa bibi kizee yule, watu wakiwa na hasira, na huenda magoti yake yatatetemeka. Asimame na magoti yake yanayotetemeka.

Iko hofu nyingine isiyohusu wachawi wala mizimu, nayo imewaangusha hata wasomi wa mijini: hofu ya wakubwa na ya umaskini. Huko Goma alikuwako kijana jina lake Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa mwaka 1981. Kazi yake katika ofisi ya serikali mpakani ilikuwa kuchunguza vyakula vinavyoingia nchini. Walimletea fedha ili aruhusu chakula kilichooza kipite na kuuzwa sokoni. Akakataa. Alijua wanaomshika mkono ni watu gani, tena alijua kwamba fedha ingekwisha upesi, na wale ambao wangekula chakula kile wangeugua au kufa. Mwezi wa Julai 2007 alikamatwa njiani, akateswa, akauawa. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo, alitangazwa Mwenye heri. Hakuulizwa kama anaikana imani. Hakuna aliyemwambia avue msalaba. Aliambiwa tu atie sahihi karatasi, jambo ambalo wengine hulifanya kila siku na kurudi nyumbani kula. Mtumwa angejiuliza: Mungu ataniadhibu nikitia sahihi? Floribert alijiuliza juu ya watu watakaokula.

Pengine hiyo ndiyo alama iliyo wazi kuliko zote ya mwana na mtumwa. Mtumwa akitii anajifikiri mwenyewe: nitapata nini, nitapigwa nini. Mwana amekwisha kujua kwamba yeye ni wa nyumbani. Basi akili yake ina nafasi ya kuwafikiri wengine. Ndiyo sababu Bwana Yezu, alipofundisha sala, aliweka neno la Baba mwanzoni kabisa, na maombi ya jina la Mungu, ufalme wake na mapenzi yake yakatangulia ombi la chakula. Anayesali kwa kodi hugeuza mpango huo, huanza na chakula, na mara nyingi humalizia hapo hapo.

Utii wa mwana hauji kwa siku moja. Mtoto mdogo huacha kugusa moto kwa sababu mama yake alimpiga mkono. Akikua, haachi kwa ajili ya kofi tena, bali kwa sababu amejua moto ni nini, na mama yake ni nani. Ndiyo maana Eklezia haina haraka na wakatekumeni. Huwapa muda mrefu wa mafundisho, huwapaka mafuta matakatifu ya kuwatia nguvu, huwaombea mbele ya waamini wote katika Jumapili za Kwarezima. Baba wa mtoto yule mwenye homa, kama alifunga uzi ule usiku kwa kushindwa, asiache mafundisho kwa aibu, wala asifikiri kwamba njia imefungwa.

Usiku wa Pasaka, karibu na maji ya ubatizo, padri atamwuliza kila mmoja kama anamkataa Shetani, na kazi zake zote, na fahari zake zote. Atauliza mara tatu, na jibu litatolewa kwa sauti, majirani wakisikia, bibi naye amesimama nyuma pamoja na wengine. Mwenye kitu kilichofichwa darini, au chini ya kitanda, au kiunoni mwa mtoto, na amwendee mwalimu wake kabla ya usiku huo. Aje nacho mkononi, aje hata kama mkono unatetemeka. Hatafukuzwa, wala hatatajwa kanisani. Kitu kile kitatupwa motoni mchana kweupe, na yule mtoto, kama yupo, aletwe naye apate kuona.